Jirani, Mfupa na Maabara: Safari ya Ushahidi Cyangugu

Tarehe 12 Aprili 1994, mamia ya Watutsi waliokimbilia uwanja wa mpira wa Gashirabwoba, katika mkoa wa Cyangugu nchini Rwanda, walishambuliwa kwa risasi na maguruneti. Siku nne baadaye, mjini Cyangugu, baadhi ya wakimbizi waliokuwa wamehamishwa kutoka kanisa kuu hadi Uwanja wa Kamarampaka waliitwa kwa majina yaliyoandikwa kwenye orodha, wakaondolewa na kuuawa. Mwisho wa mwezi, tarehe 29 na 30, mauaji yakazifikia parokia za Shangi na Mibilizi. Mahali pote hapo hapakuzungushiwa utepe wa polisi. Hakuna aliyeokota maganda ya risasi akayatia katika mfuko wenye namba, wala aliyetafuta alama za vidole kwenye mpini wa panga. Mvua ilinyesha, miili ikafukiwa haraka au ikatupwa, na wauaji wengi wakavuka mpaka kuingia Zaire ya wakati ule. Miaka ilipopita, mahakama zilitakiwa kusema nani alifanya nini katika siku zile. Namna zilivyolibeba jukumu hilo ni sehemu ya historia ya Cyangugu isiyosimuliwa sana, na ina funzo kwa kizazi ambacho kimeanza kujifunza maana ya ushahidi kutoka kwenye televisheni.

Funzo hilo linahitajika kwa sababu hadithi ya upelelezi ya leo ina shujaa mpya. Tangu tamthilia ya CSI ianze kuonyeshwa Marekani mwezi Oktoba 2000, na nyingine nyingi za aina yake kuifuata, anayefumbua kitendawili cha mauaji ni mtaalamu aliyevaa koti jeupe. Unywele mmoja humtaja muuaji, na mashine hutoa jibu kabla kipindi hakijaisha. Kule Marekani, ambako raia wa kawaida huitwa kuketi katika juri na kuamua kama mshtakiwa ana hatia, waendesha mashtaka walianza kulalamika kwamba wanajuri wanadai maabara katika kila kesi, na wasipoiona humwachia mshtakiwa. Jaji Donald Shelton wa Michigan alilipima jambo hilo mwaka 2006 kwa kuwahoji watu wapatao 1,000 walioitwa kuhudumu katika juri. Asilimia 46 walitarajia kuona ushahidi wa kisayansi wa aina fulani katika kila kesi ya jinai, na asilimia 22 walitarajia vinasaba katika kila kesi. Takwimu hizo zinafungua swali ambalo sheria haijibu: mtu asiye mwanasheria hupata wapi kipimo chake cha ushahidi unaotosha? Hoja ya makala haya ni kwamba hukipata katika masimulizi yaliyomlea. Historia ya Cyangugu nayo inaonyesha kwamba kipimo cha televisheni, kikichukuliwa kuwa sharti, kingezifuta kesi nzito kuliko zote zilizowahi kutoka katika mkoa huo.

Tuanze na kipimo kilichokuwapo kabla ya televisheni. Gacaca ya zamani, iliyopata jina lake kutokana na nyasi ambazo watu waliketi juu yake, ilikuwa baraza la wazee lililosuluhisha magomvi ya mipaka ya mashamba, ng'ombe, mirathi na ndoa. Ushahidi wake ulikuwa neno la mtu anayejulikana, likisemwa mbele ya watu wanaomjua yeye na ukoo wake. Katika utamaduni wa namna hiyo habari husafiri kwa mdomo, na husimuliwa kwa nguvu ileile na aliyeiona na aliyeisikia. Jambo hilo lilifika hadi Arusha, katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda. Katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, iliyohukumiwa tarehe 2 Septemba 1998, mtaalamu wa lugha Mathias Ruzindana aliwaeleza majaji kwamba Mnyarwanda anaweza kusimulia jambo kana kwamba alilishuhudia mwenyewe, kumbe aliambiwa. Majaji hawakuutupa ushahidi wa mdomo kwa sababu hiyo. Walijifunza kuuliza: uliona, au ulisikia? Mahakama hiyohiyo ilikataa kanuni ya kale isemayo kwamba shahidi mmoja si shahidi. Ilishikilia kwamba neno la mtu mmoja, likipimwa na kuaminika, linaweza kutosha.

Neno la jirani lilikuja kubeba mzigo mkubwa zaidi pale gacaca ilipofufuliwa kwa sura mpya. Baada ya mauaji ya kimbari magereza ya Rwanda yalifurika watuhumiwa zaidi ya 100,000, huku majaji wengi wakiwa wameuawa au wamekimbia nchi. Kwa mwendo wa mahakama za kawaida, wengi wa mahabusu hao wangekufa gerezani kabla ya kusomewa hukumu. Mwezi Oktoba 2001 wananchi walichagua majaji wa gacaca zaidi ya 250,000, waitwao inyangamugayo, watu wanaochukia lawama, kama jina lao linavyoeleza. Walikuwa wakulima, walimu, wafanyabiashara wadogo, wake kwa waume, waliopewa mafunzo ya siku chache tu. Mahakama hizo zilizinduliwa tarehe 18 Juni 2002, kesi zikaanza kusikilizwa nchi nzima mwaka 2006, na mlango ukafungwa tarehe 18 Juni 2012 baada ya mashauri zaidi ya 1,900,000. Katika vilima vya Cyangugu, ambavyo baada ya mageuzi ya mwaka 2006 vimegawanywa hasa kati ya wilaya za Rusizi na Nyamasheke, watu waliketi nyasini juma baada ya juma kusikiliza mambo yaliyotendeka hatua chache kutoka pale walipoketi. Hapakuwa na daktari wa maiti, mtaalamu wa silaha wala wakili.

Hata hivyo ni kosa kudhani kwamba mahakama hizo zilikuwa maneno matupu. Sheria ya Juni 2004 iliweka sharti kwamba anayeungama aeleze kosa lilivyotendeka, wapi na lini, ataje aliowadhuru na alioshirikiana nao, na aseme maiti zilitupwa wapi. Sharti hilo la mwisho lina uzito mkubwa. Mtu anapoonyesha shimo, ardhi yenyewe inaitwa kutoa ushahidi. Watu wakichimba wakakuta mifupa, ungamo limepata nguzo. Wasipokuta kitu, yule aliyeungama ana swali la kujibu. Kotekote nchini familia ziliwatambua wapendwa wao kwa kitambaa cha gauni, kiatu, rozari au kitambulisho kilichosalia mfukoni, kisha zikawazika kwa heshima. Hakuna maabara iliyohusika, lakini kanuni ni ileile ya sayansi: dai linapelekwa mahali linapoweza kuthibitishwa au kukanushwa. Mama aliyeutambua mshono wa gauni aliloshona kwa mkono wake alikuwa na ujuzi ambao mtaalamu yeyote angeuheshimu.

Yapo pia makosa ambayo ardhi haikuhifadhi dalili zake. Mwaka 2008 kesi za ubakaji wa wakati wa mauaji ya kimbari, ambazo awali zilipelekwa mahakama za kawaida, ziliingizwa katika gacaca na kusikilizwa faraghani. Miaka 14 ilikuwa imepita. Hakuna kipimo cha hospitali ambacho kingeonyesha chochote juu ya mtendaji. Mwanamke aliyesimama mbele ya inyangamugayo alikuwa na kumbukumbu yake, na pengine mtu aliyemwona akichukuliwa au akirudi. Kanuni za mahakama ya Arusha zilikuwa zimekwisha kulitambua jambo hilo, kwa kusema kwamba ushahidi wa mtu aliyefanyiwa ukatili wa kingono hauhitaji kuungwa mkono na mwingine ili ukubaliwe. Tuiweke hapo dhana ya televisheni, kwamba bila vinasaba hakuna kesi, tuone inaleta nini: wanawake hao wote wangeambiwa warudi nyumbani. Kumwachia mtu ambaye hatia yake haikuthibitika ni wajibu wa mahakama. Kukataa kumsikiliza aliyeumizwa kwa kuwa hakuja na cheti cha maabara ni kumwongezea jeraha.

Atakuja msomaji na pingamizi la kwanza, nalo ni zito: mashahidi hudanganya, na hata wakweli husahau. Ni kweli. Mtafiti Nancy Combs, katika kitabu chake cha mwaka 2010 kuhusu mahakama za kimataifa, ikiwamo ile ya Rwanda, alionyesha kwamba zaidi ya nusu ya mashahidi wa upande wa mashtaka katika kesi alizozichunguza walitoa maelezo yaliyopishana vibaya na yale waliyoyatoa kwa wapelelezi. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2011 iliorodhesha kasoro za gacaca: tuhuma za uongo zilizotokana na ugomvi wa ardhi au visasi, mashahidi wa utetezi walioogopa kujitokeza, na washtakiwa wasio na wakili. Anayeungama naye alikuwa na kishawishi, kwani kuungama kulipunguza adhabu, na kuwataja wengine kulikuwa sehemu ya kuungama. Mtu anayeipenda haki hawezi kuyapuuza haya. Lakini tuulize dawa yake ni nini. Kwa mauaji ya mwaka 1994 maabara haikuweza kuwa dawa, maana sampuli za kupima hazikuwapo. Dawa iliyokuwapo ni ile waliyoijua wahenga waliposema njia ya mwongo ni fupi: shahidi huulizwa alisimama wapi, nani alikuwa kando yake, nini kilitangulia na nini kilifuata, kisha maneno yake yanapimwa na ya wengine.

Kesi ya Cyangugu yenyewe huko Arusha ni kielelezo cha dawa hiyo, pamoja na uchungu wake. Washtakiwa walikuwa watatu: André Ntagerura, aliyekuwa waziri wa uchukuzi na mawasiliano, Emmanuel Bagambiki, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Cyangugu, na Luteni Samuel Imanishimwe, aliyekuwa kamanda wa kambi ya Karambo. Kesi ilianza Septemba 2000 na hukumu ikatolewa tarehe 25 Februari 2004. Imanishimwe alihukumiwa miaka 27. Ntagerura na Bagambiki waliachiwa, na rufani ya mwaka 2006 ikaithibitisha hatua hiyo, huku ikipunguza adhabu ya Imanishimwe hadi miaka 12. Kwa manusura wa Cyangugu lilikuwa pigo. Lakini anayesoma sababu za majaji hatakuta kwamba kesi iliporomoka kwa kukosa vinasaba au alama za vidole. Majaji walisema hati za mashtaka ziliandikwa kwa maneno ya jumla mno, hata mshtakiwa asijue hasa anajibu jambo gani, na kwamba mashahidi kadhaa, wakiwamo walioshiriki uhalifu wenyewe, hawakutosha kuaminiwa pasipo kuungwa mkono. Hata sehemu ya hatia ya Imanishimwe kuhusu Gashirabwoba ilifutwa katika rufani kwa kasoro ya hati ya mashtaka.

Tuilinganishe na kesi ya Yussuf Munyakazi, mkulima tajiri wa Bugarama, kusini kabisa mwa Rusizi. Tarehe 30 Juni 2010 mahakama hiyohiyo ilimhukumu miaka 25 kwa mauaji ya Shangi na Mibilizi, na rufani ya mwaka 2011 ikaibakiza adhabu hiyo. Ushahidi ulikuwa wa aina ileile: watu waliosimama kizimbani wakasema walichokiona. Majaji waliyakataa baadhi ya madai dhidi yake na kuyakubali mengine, kila dai kwa uzito wake. Kesi hizi mbili, zilizotoka katika vilima vya mkoa mmoja, zinaonyesha kwamba ushahidi wa mdomo una uwezo wa kutenganisha lililothibitika na lisilothibitika. Kilichoamua ni ubora wa maswali na uangalifu wa walioandaa mashtaka.

Na pale sayansi ilipofika, ilifanya nini? Mfano wa karibu upo Kibuye, kaskazini mwa Cyangugu kwenye ufuo uleule wa Ziwa Kivu. Kuanzia Desemba 1995 wataalamu wakiongozwa na William Haglund walifukua kaburi la halaiki kando ya kanisa Katoliki la Kibuye na kutoa mabaki ya watu karibu 500. Mifupa ilisema jambo ambalo hakuna mkanushaji angeweza kulipinga: wengi walikuwa wanawake na watoto, na wengi walikufa kwa mapigo ya vitu butu. Hao hawakuwa wapiganaji waliokufa vitani. Lakini mifupa haikumtaja mtu aliyeshika rungu, wala aliyeamuru. Hilo lilitoka kwa mashahidi, na ndilo lililowezesha hukumu ya tarehe 21 Mei 1999 dhidi ya Clément Kayishema. Mfupa ulieleza nini kilitendeka, jirani akaeleza nani alitenda, na kila kimoja kilihitaji kingine.

Miezi michache baadaye, katika kesi ya Georges Rutaganda, makamu wa rais wa kundi la wanamgambo la Interahamwe, likatokea jambo ambalo mtazamaji wa tamthilia anapaswa kulijua. Haglund alikuwa pia amefukua makaburi karibu na gereji ya Amgar jijini Kigali. Upande wa utetezi ulimleta mtaalamu wa mifupa, Kathleen Reichs, ambaye baadaye maisha na riwaya zake zilizaa tamthilia maarufu ya Bones, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2005. Reichs aliikosoa njia aliyoitumia Haglund, na majaji wakakubaliana naye kwamba hawawezi kuyategemea matokeo hayo katika kuamua kesi. Hata hivyo, tarehe 6 Desemba 1999 Rutaganda alihukumiwa kifungo cha maisha, kwa nguvu ya mashahidi. Kwenye televisheni mtaalamu wa mifupa husema na kesi hufungwa. Katika chumba cha Arusha, mtaalamu ambaye televisheni ilimfanya mfano wake alikwenda kuonyesha kwamba sayansi nayo huhojiwa, hukosea na huweza kuwekwa kando. Sayansi ni shahidi kama mashahidi wengine, na huapishwa kama wao.

Pingamizi la pili litasema: Rwanda haina juri, na wakati inyangamugayo wakiapishwa vilima vingi vya Cyangugu havikuwa na umeme, sembuse televisheni. Shelton mwenyewe hakukuta kwamba watazamaji wa CSI huwaachia washtakiwa kwa wepesi kuliko wengine. Alidhani matarajio yao yanatokana zaidi na maisha yaliyojaa teknolojia. Nakubali yote mawili. Lakini tamthilia haihitaji kuamua hukumu ili iwe na nguvu. Rwanda inalo jaribio lake lenye ushahidi mzuri. Mwaka 2004 ulianza mchezo wa redio uitwao Musekeweya, juu ya vijiji viwili vilivyofarakana. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alilinganisha jamii zilizousikiliza kwa mwaka mzima na zilizosikiliza mchezo mwingine. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2009 yanaonyesha kwamba imani za ndani za wasikilizaji hazikubadilika sana, ila kilichobadilika ni mawazo yao juu ya lipi ni la kawaida na linalotarajiwa katika jamii. Hapo ndipo hadithi hufanyia kazi. Hubadilisha kile mtu anachodhani kila mwenye busara angekitaka. Na matarajio ya namna hiyo hayangoji juri. Yanakaa kwa mama anayejiuliza kama aende kushtaki, kwa polisi anayepima kama faili lina uzito, na kwa mwanakijiji anayesema fulani ameonewa kwa sababu hakuna kipimo kilichofanywa.

Leo umeme umefika, na pamoja nao filamu za agasobanuye, ambazo msimulizi huzitafsiri kwa Kinyarwanda na kuzitia maneno yake. Maabara nayo imefika. Sampuli za vinasaba zilizokuwa zikipelekwa nje ya nchi, hasa Ujerumani, sasa hupimwa Kigali katika maabara ya uchunguzi wa jinai iliyoanza kazi mwaka 2018, ambayo tangu 2023 ni taasisi ya kitaifa. Vituo vya Isange, vilivyoanza Kacyiru mwaka 2009 na kusambazwa katika hospitali nchini, humhudumia aliyebakwa na kuhifadhi ushahidi mahali pamoja. Haya ni maendeleo ya kushangiliwa. Binti anayejua, hata kama alijifunza kutoka kwenye tamthilia, kwamba awahi hospitali kabla ya kuoga wala kufua nguo, ameongezewa nafasi ya kupata haki. Vinasaba vinaweza pia kumwokoa asiye na hatia, jambo ambalo mshtakiwa wa gacaca aliyesingiziwa hakuwa nalo. Kudharau maabara kwa kutetea neno la mdomo kungekuwa kosa la upande wa pili.

Ninachokiomba ni kila tukio lidaiwe ushahidi ambao kwa hali yake linaweza kuuacha. Kosa lililotendwa jana usiku ndani ya chumba kilichofungwa linaweza kuacha vinasaba, na mpelelezi asiyevitafuta amezembea. Mauaji yaliyofanywa mchana mbele ya kijiji kizima yaliacha alama zake machoni na masikioni mwa watu, na yataendelea kukaa humo muda wote watu hao watakapokuwa hai. Katika kesi za mauaji ya kimbari zinazosikilizwa hata sasa Ulaya, katika nchi zenye juri na televisheni nyingi, mawakili husimama na kuuliza iko wapi hati, iko wapi picha, iko wapi alama ya kidole. Wanaoketi kuhukumu huko wangefanya vyema kuikumbuka Cyangugu. Mkulima aliyeketi nyasini Mibilizi, bila shahada wala darubini, alikuwa na chombo ambacho maabara haikukirithi: aliijua njia, aliujua mti wa pembeni, alijua kutoka uani kwa fulani mtu huona mpaka wapi. Shahidi alipodai ameona, aliweza kumwuliza alikuwa amesimama wapi, na jibu likiwa la uongo, kilima kizima kingelijua.